Ngozi ya Mfanya Kazi: Maji Ndiyo Dawa, Mafuta ni Kifuniko

Kila mwaka ufikapo msimu wa kipupwe, tangu Juni hata Agosti, wananchi wengi hubadilika rangi. Mvua zimekatika, upepo wa kusi wavuma, na huko Njombe, Makete na Mufindi baridi huwa kali hata asubuhi nyingine majani ya uwanda wa Kitulo huonekana meupe kwa umande ulioganda. Wakati huo miguu hupauka kama iliyotembezwa katika jivu, midomo hupasuka, na visigino hufanya magaga hata kukanyaga chini huwa taabu. Watoto huchekana shuleni kwa ajili ya jambo hilo, na watu wazima huficha miguu yao chini ya meza.

Wako wasemao ya kuwa haya ni mambo ya wanawake na urembo wao, nayo hayastahili nafasi katika ukurasa wa kuzungumzia kazi na maendeleo. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Mkono wa mfanya kazi ndio zana yake ya kwanza, aliyopewa kabla ya jembe, mwiko au spana. Mkulima haliachi jembe lake liliwe na kutu, wala fundi hauachi msumeno wake mvuani. Basi yafaaje aiache ngozi ya mkono ule ule uishikao zana ipasuke, itoke damu, iingiwe na vijidudu, mpaka siku moja ashindwe kwenda kazini akose na ujira?

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, jina lake Bernardino Ramazzini, alichapisha katika mji wa Modena kitabu kizima juu ya maradhi yawapatayo watu kwa sababu ya kazi zao. Aliwatazama wachimba madini, wafinyanzi, waokaji mikate na wengineo. Alipofika kwa wanawake wafuao nguo aliona ya kuwa mikono yao hupasuka kwa ukali wa maji ya majivu waliyofulia. Naye akawausia waganga wenziwe waongeze swali moja juu ya yale wamwulizayo mgonjwa: "Kazi yako ni nini?" Swali hilo lingali jema hata leo, nasi twalifanya kuwa msingi wa maneno yetu.

UKUTA WA MWILI

Kwanza yatupasa tujue ngozi ni kitu gani. Mtu mzima amevikwa ngozi ya ukubwa wa karibu meta mraba 2, au pungufu kidogo. Lakini ile sehemu ya juu kabisa, izuiayo maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie, ni nyembamba mno. Mahali pengi unene wake ni kama sehemu moja tu ya hamsini ya milimeta. Utando huo mwembamba ndio ututenganao na jua, vumbi, saruji na uchafu wote wa dunia.

Wataalamu huufananisha utando huo na ukuta wa matofali, na mafundi waashi watatuelewa mara moja. Matofali ni chembe zilizokufa, zilizojipanga moja juu ya nyingine. Udongo wa kuungia ni mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatengeneza. Matofali yakiwa mema na udongo ukiwa kamili, maji hubaki ndani. Lakini udongo ukiondolewa kati ya matofali, ukuta huvuja: maji hutoka kidogo kidogo yakapotea hewani, chembe hukauka, hukunjamana, hubanduka kama magamba, na mwishowe ukuta hufanya nyufa. Hiyo ndiyo ngozi kavu, na hayo ndiyo magaga.

Ukuta huu hujengwa upya kila siku. Chembe huzaliwa chini, hupanda juu, hufa na kubanduka, na safari hiyo yote huchukua muda wa wiki nne hivi. Kwa hiyo mtu aliyeiharibu ngozi yake kwa miezi asitazamie kuiponya kwa siku mbili, wala asimwamini mfanya biashara amwahidiye hivyo.

Tena mpauko huonekana zaidi katika ngozi nyeusi, kwa sababu yale magamba madogo hurudisha mwanga, nayo hung'aa meupe juu ya weusi. Si kwamba ngozi yetu ni dhaifu kuliko za wengine. Mzungu aweza kuwa amekauka vile vile wala asitambulike kwa mbali. Basi kupauka si aibu, wala si dalili ya ufukara au uchafu. Ni habari ambayo ngozi inampa mwenyewe: ukuta unavuja.

JARIBIO LA MWAKA 1952

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, ingawa ndilo kiini cha tiba yote. Mtu akiulizwa ni kitu gani kilainishacho ngozi, atajibu upesi: mafuta. Jibu hilo si kamili.

Mwaka 1952 mtaalamu mmoja wa mji wa Boston, Marekani, aitwaye Irvin Blank, alieleza jaribio lake jepesi. Alichukua vipande vya ngozi ngumu iliyokauka, akavitia katika mafuta. Havikulainika, vilibaki vigumu na vyepesi kuvunjika. Lakini vilipopata maji, vikawa laini na vya kukunjika. Kwa hiyo ilidhihirika ya kuwa maji ndiyo yalainishayo ngozi. Kazi ya mafuta ni kuyafunika maji hayo yasitoroke, kama vile kifuniko kizuiavyo mvuke wa chungu.

Ndugu msomaji, ulishike neno hili, maana laweza kukuokolea fedha nyingi. Mtu aogaye asubuhi, akajikausha kwa taulo mpaka tone la mwisho, akavaa, akanywa chai, kisha akakumbuka kupaka mafuta, amefunika chungu kitupu. Mwenziwe apakaye mafuta yale yale mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, amefunika chungu chenye maji. Mafuta ni mamoja, lakini faida yao si moja.

WAEZI WA UDONGO WETU

Sasa tuwataje wale wanaouondoa udongo wa kuungia katika ukuta huu.

Wa kwanza ni hewa. Hewa kavu huyavuta maji popote iyaonapo, na hewa ya baridi haiwezi kubeba unyevu mwingi. Ndiyo sababu kiangazi cha Dodoma na kipupwe cha nyanda za juu huidhuru ngozi kuliko joto la unyevu la Tanga au Lindi. Makarani wakaao siku kutwa chini ya viyoyozi nao wasishangae wakipauka wakiwa mjini Dar es Salaam, kwa kuwa mashine hiyo huikausha hewa.

Wa pili ni maji ya moto pamoja na sabuni kali. Wako watu wenye fikira kwamba asiyesuguliwa na dodoki kwa sabuni ya mche, au hata sabuni ya unga ya kufulia, hakuoga. Hapa twahitaji hesabu kidogo. Kipo kipimo cha asidi na magadi, kiendacho tangu 0 hata 14, na maji safi husimama kwenye 7. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, nayo husimama karibu na 5. Sabuni ya kawaida husimama kati ya 9 na 10, na kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Sabuni haichagui kati ya mafuta ya uchafu na mafuta ya ukuta, huyaondoa yote. Maji yakiwa ya moto sana, huyaondoa kwa upesi zaidi.

Wa tatu ni kazi yenyewe, na hapa ndipo swali la Ramazzini lirudipo. Dobi, mama lishe aoshaye vyombo tangu alfajiri, msusi aoshaye vichwa vya wateja, na mfanya kazi wa kiwanda cha minofu ya samaki huko Mwanza, wote hushinda na mikono majini. Maji yaingiayo na kutoka mara nyingi kwa siku huulegeza ukuta na kuondoka na mafuta yake. Muuguzi hunawa kila amgusapo mgonjwa, naye hawezi kuacha, kwa kuwa maisha ya watu yamo katika kunawa huko. Fundi wa magari hujisafisha kwa petroli au mafuta ya taa, ambayo huyayeyusha mafuta ya ngozi kama yayeyushavyo grisi. Mfanya kazi wa mkonge hurukiwa na utomvu uwashao. Lakini aliye hatarini kuliko wote ni saidia fundi achanganyaye zege. Saruji iliyolowa husimama kati ya 12 na 13 katika kile kipimo chetu. Hiyo yaweza kuunguza kabisa, hasa ikiingia ndani ya kiatu ikakaa humo saa nyingi bila mwenyewe kuhisi maumivu.

Tena saruji ina madini ya kromiamu, ambayo huweza kuufanya mwili wa fundi uikatae saruji moja kwa moja, hata kila aigusapo ngozi ivimbe na kuwasha. Waashi wengine wameacha kazi zao kwa sababu hiyo. Dawa yake imepatikana zamani: viwanda vikitia chumvi ya madini ya chuma katika saruji, nguvu ya kromiamu hiyo hupungua sana. Denmark iliweka sheria juu ya jambo hilo mwaka 1983, na nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 huruhusu miligramu 2 tu za kromiamu ya namna hiyo katika kila kilo ya saruji. Twalitaja hili ili wafanya kazi wajue ya kuwa ngozi yao si jambo la mafuta ya dukani tu. Ni jambo la sheria pia.

Wa nne ni umri na uzazi. Mzee wa miaka 60 na zaidi hatoi mafuta mengi kama kijana, ndiyo maana wazee wetu hujikuna sana usiku. Wengine wamezaliwa na ngozi kavu au ugonjwa wa ukurutu, ambao mara nyingi hufuatana na pumu katika ukoo mmoja. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, Scotland, walionyesha ya kuwa wengi wa watu hao wa Ulaya wamerithi upungufu wa protini moja itumikayo kuujenga ule ukuta. Basi mama wa mtoto kama huyo asilaumiwe na jirani kwamba hamwogeshi.

YAFAAYO KUTENDWA

Sasa tuulize: nini kifanyike kwa vitu tulivyo navyo, bila kuutoa mshahara wote dukani?

Jambo la kwanza ni kupunguza hasara. Oga kwa maji ya uvuguvugu au baridi, wala usikae majini muda mrefu. Sabuni itumike kwenye makwapa, mapajani, miguuni na mahali penye uchafu. Mikono na miguu isiyo na taka yatosha kupitiwa na maji. Sabuni ya kufulia ifulie nguo. Dodoki lipite polepole, kwa kuwa ngozi si sufuria.

Jambo la pili ni kupaka mafuta wakati wake. Jipanguse kwa kugusa-gusa tu kwa taulo, kisha paka mafuta papo hapo kabla dakika tatu hazijapita, ngozi ingali na unyevu. Yatosha mafuta kidogo yaliyosambazwa vema. Afanyaye kazi ya majini apake pia kila amalizapo zamu, na usiku kabla ya kulala.

Jambo la tatu ni mafuta gani. Hapa wengi hudhani ya kuwa yenye bei kubwa ndiyo yenye nguvu kubwa. Sivyo. Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, ambayo Robert Chesebrough wa Marekani aliyapatia hataza mwaka 1872, yangali miongoni mwa vifuniko bora kuliko vyote, ingawa ni rahisi na hayana harufu wala mapambo. Yana taabu moja tu, kwamba hunata na kukamata vumbi. Kwa hiyo hufaa sana usiku.

Katika mafuta ya mimea, watu wa mwambao wanayo nazi. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino walitangaza jaribio lao juu ya wagonjwa 34 wa ngozi kavu. Wengine walipakwa mafuta ya nazi, wengine mafuta safi ya madini, kwa muda wa wiki mbili. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala mafuta ya nazi hayakuonekana kuwa nyuma. Na kuyapata si kazi kubwa: nazi hukunwa kwa mbuzi, tui zito hukamuliwa, huachwa usiku mpaka mafuta yapande juu, kisha yale ya juu huchemshwa kwa moto mdogo hata maji yaishe na shata likae chini. Yakipoa huchujwa kwa kitambaa safi, yakawekwa katika chupa kavu.

Watu wa bara wasihuzunike kwa kukosa minazi. Singida na Dodoma wanayo alizeti, na mafuta yake yamesifiwa na wataalamu kwa sababu yana asidi ya mafuta ambayo ngozi huitumia kuutengeneza udongo wake. Huko Dhaka, Bangladesh, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walipakwa mafuta ya alizeti hospitalini, na taarifa ya mwaka 2005 ilieleza ya kuwa maambukizo ya hospitali yalipungua kwa asilimia 41 kuliko kwa wale wasiopakwa. Jambo hilo hufanywa kwa amri ya daktari, wala hatumwambii mama yeyote amtibu nyumbani mtoto njiti. Lakini latuonyesha jinsi ngozi iliyofunikwa vema ilivyo ngao. Kinyume chake, uchunguzi mmoja wa Sheffield, Uingereza, uliotangazwa mwaka 2013, uliona ya kuwa mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote mezani, huudhoofisha ukuta wa ngozi, ilhali ya alizeti hayakuudhuru. Watu waliochunguzwa walikuwa wachache, lakini yatosha kutukumbusha ya kuwa si kila kitokacho mbali kwa bei kubwa ni bora kuliko cha shambani kwetu.

Gliserini pia ni kitu chema, kwa sababu huyashika maji na kuyaweka katika ngozi. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani limeiweka, kwa kiasi cha asilimia 1.45, katika fomula yake ya dawa ya spiriti ya kutakasa mikono, ili mikono ya wauguzi isikauke. Lakini gliserini ichanganywe na maji kabla ya kupakwa, maana ikiwa kavu katika hewa kavu huweza kuyavuta maji ya ngozi yenyewe.

Jambo la nne ni magaga. Viganja na nyayo hazina tezi za mafuta, kwa hiyo hutegemea huruma yetu tu. Tiba yao tumefundishwa na ndugu zetu waliopatwa na ukoma. Maradhi hayo yaharibupo mishipa ya fahamu, jasho hukoma, na mikono na miguu hukauka na kupasuka. Kwa miaka mingi wauguzi wamewafundisha wagonjwa hao wajitunze hivi: loweka miguu katika maji ya kawaida muda wa dakika 20 au 30, sugua taratibu ngozi ngumu kwa jiwe la kusugulia, usiikaushe kabisa, kisha paka mafuta papo hapo. Fanya hivyo kila siku. Ni maji na mafuta tu, tena vidonda vingi vimezuiwa kwa njia hiyo. Ikiwa maji na mafuta vimemfaa yeye ambaye mwili wake haupati hata jasho, vitamfaaje zaidi mwenye afya! Avaaye soksi baada ya kupaka usiku ataona nafuu mapema.

Wako watuulizao kama kunywa maji mengi hakutoshi. Maji ya kunywa ni ya lazima kwa mwili, hasa kwa afanyaye kazi juani, nasi hatumkatazi mtu. Lakini mtu asiye na kiu hataiponya ngozi yake kwa kuongeza bilauri juu ya bilauri, maana ukuta ukivuja, kuujaza mtungi hakuzibi ufa.

YASIYOFAA

Si kila kitokacho mtini ni salama. Ndimu hutumiwa na wengi kulainisha mikono, lakini maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi kisha yakapigwa na jua huweza kuiunguza, ikatoka malengelenge na kuacha weusi wa miezi. Mshubiri hupoza, lakini ute wake mwingi ni maji. Wahitaji kufunikwa kwa mafuta, na ule utomvu wa manjano ulio chini ya gamba lake huwasha. Magadi, dawa ya meno na majivu visisogee karibu na ngozi iliyopasuka.

Na sasa twataja jambo la kusikitisha kuliko yote. Madukani na mitaani huuzwa krimu zinazoahidi kuondoa ukavu na kuleta weupe kwa pamoja. Nyingine zimetiwa zebaki, nyingine haidrokwinoni, nyingine dawa kali za steroidi zisizofaa kutumiwa pasipo daktari. Mwanzoni ngozi hung'aa, na mwenyewe husifiwa. Baadaye steroidi huikondesha ngozi mpaka ukuta uwe kama karatasi, na zebaki huingia mwilini ikadhuru figo. Nchi zetu za Afrika Mashariki zimepiga marufuku vipodozi hivyo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mpaka kwa zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuuondoa hata ule mpaka mdogo, ili zebaki isiruhusiwe kabisa baada ya mwaka 2025. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtu aliyeambiwa kwamba ngozi ya baba yake na mama yake ni kosa la kusahihishwa, ameuziwa aibu kabla hajauziwa krimu.

MAFUTA YASIPOTOSHA

Ziko hali ambazo mafuta hayazitibu, na kuchelewa ni hatari. Doa lililopauka au jekundu lisilosikia mguso wala mchomo laweza kuwa ukoma. Maradhi hayo hupona, na Shirika la Afya Duniani limetoa dawa zake bure tangu mwaka 1995, lakini mishipa iliyokwisha kuharibika hairudi kwa urahisi. Mwasho wa usiku uwapatao watu wote wa nyumba moja huenda ni upele, nao wataka dawa yake na nyumba nzima itibiwe siku moja. Mwenye kisukari asiudharau ufa wa kisigino, maana kwa mlango huo mdogo wengi wamepoteza mguu. Ngozi ikiwa nyeusi na kuchunika shingoni na mikononi mahali pigwapo na jua, pamoja na kuhara, huenda mwili umekosa vitamini ya niasini, jambo liwapatalo walao mahindi matupu bila maharage, karanga, samaki au nyama. Na ukavu ujao ghafula pamoja na kukonda, kiu nyingi au uchovu usio na sababu wataka kupimwa. Nchi haikosi wajuzi: katika hospitali ya KCMC, Moshi, kipo tangu mwaka 1992 chuo kifundishacho waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwisho twarudi kazini. Mafuta ya nazi hayawezi kushindana na saruji kwa saa nane. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humpasa mwajiri wa Tanzania Bara kuwapa wafanya kazi wake vifaa vya kujikinga, na Kenya ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2007. Glavu za mpira kwa mchanganya zege na mwosha samaki, viatu virefu visivyopitisha maji, maji safi ya kunawia karibu na mahali pa kazi, sabuni isiyo kali badala ya petroli: hizo ni haki za mfanya kazi. Mwajiri asiyetoa glavu ataendelea kulipa kwa siku za ugonjwa na kwa mafundi wazoefu waachao kazi, wala hatakuwa ameokoa kitu.

Lakini wafanya kazi nao wana wajibu wao. Glavu zilizotolewa zisiachwe juu ya dirisha au kuuzwa mtaani. Zivaliwe zikiwa kavu ndani, kwa maana glavu iliyojaa jasho au saruji hudhuru kuliko mkono mtupu. Viongozi wa matawi ya chama cha wafanya kazi waliweke jambo hili katika ajenda ya mikutano yao, bila kuona haya, pamoja na mishahara na likizo. Na kila mwanachama aliyesoma maneno haya amweleze jirani asiyesoma, hasa wazee wetu wajikunao usiku na akina mama wenye watoto wa ukurutu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika ngozi, ufa huzibwa kwa maji kidogo, mafuta ya shambani kwetu na glavu ambayo sheria imekwisha kuiamuru. Kipupwe kitakuja tena, nasi twatumaini kitawakuta wengi wamekwisha kuanza.